Goti la Kabati

Chumba cha vifaa, uwanja wa ndani
Jumanne, saa nane mchana

Dada yangu mpendwa,

Naanza kwa kukujulia hali. Natumaini barua hii itakukuta mzima, mgongo umekupa nafuu, na cherehani haijaanza tena ule mchezo wake wa kukata uzi kila unapofika kwenye kola. Shemeji naye natumaini kikohozi kimemwachia, au kama hakijamwachia basi angalau ameacha kubishana nacho. Mimi mwili hauna neno. Nakula, natembea, na viatu vyangu vyote viwili vina soli. Kwingineko si kuzuri sana, na ndiko barua hii inakoelekea, ila nakuomba uniruhusu nifike taratibu.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwa mtu mwenye simu. Jumapili uliponipigia nilikwambia sikusikii vizuri, kuna kelele za mazoezi. Dada, hapakuwa na mazoezi. Nilikuwa peke yangu humu nakunja fulana. Nilikusikia neno kwa neno, hata redio ya jirani yako niliisikia. Kwenye simu mimi ni mtu wa kuteleza. Ukiniuliza moja nakujibu jingine, na wewe kwa ustaarabu wako unaniacha nipite. Kwenye karatasi hakuna pa kutelezea. Kwa hiyo nimefunga mlango, nimekaa juu ya kreti la chupa, nakuandikia.

Uliniuliza mambo mawili. La kwanza, kwamba kiwanda cha magodoro kinataka jibu la mwanao ifikapo Jumatatu, na akishaingia kule, zamu sita kwa wiki, habari za mpira wa kikapu ndiyo zimekwisha. Kwa hiyo nikwambie mimi, kwa kuwa ndiye mwenye jicho katika ukoo, kama kijana anaujua mpira au anajidanganya. Ulisema nikikwambia anajidanganya utalia siku moja, ya pili utapika, mtakula, na maisha yataendelea. La pili uliuliza kuhusu goti. Ulisema siku hizi akikaa analishika, ameacha kukimbia asubuhi, na kwamba mlikwenda kulipiga picha, daktari akasema goti lile ni zima kuliko la kwake yeye daktari. Lakini mwanao haamini picha. Anasema watu wa mpira ndio wanaosema ana goti bovu, na watu wa mpira hawasemi kitu bure. Ukaniuliza maneno hayo yametoka wapi.

Nitakujibu yote mawili. Ila kwanza lazima nikueleze kazi yangu, maana nahisi hata hiyo sijawahi kukueleza sawasawa.

Nasikia umewaambia majirani kwamba mdogo wako ni kocha. Nimekuacha useme kwa sababu ilikuwa inanifurahisha. Mimi si kocha. Miaka tisa nilikuwa mtu wa deki, yule anayeingia mbio mchezaji akianguka, anafuta jasho, anatoka mbio, na hakuna anayekumbuka sura yake. Lakini mtu anayefuta sakafu huangalia miguu, na ndiko nilikosomea. Wengine wote mle ndani walikuwa wanatazama mpira. Mimi nilijua nani amechoka kwa jinsi soli zake zinavyoburuta, na nani mwoga kwa jinsi alama za viatu vyake zinavyoishia hatua mbili kabla ya kikapu. Nikaanza kuandika kwenye daftari la shule, bila mtu kunituma. Siku moja Kocha akaliokota, akalisoma akiwa amesimama, halafu akakaa akalisoma tena. Msimu uliofuata nikapewa kiti mwisho wa benchi. Huu ni mwaka wa tatu. Wachezaji wananiita Mzee Daftari. Mwenye vyeti angeitwa mchambuzi.

Kubwa katika kazi hiyo ni ya kabla ya msimu: kupima wapya, na hasa warefu. Mfupi mpya ni rahisi kumsoma, mpe mpira dakika tatu utamjua. Mrefu mpya ni mtihani, kwa sababu yeye kazi yake iko chini ya kikapu na mpira haumfikii mpaka mwenzake apende. Halafu tunampima wapi? Kwenye mechi za kujipima nguvu, ligi ikiwa bado iko mbali, nusu ya wapinzani wana vitambi vya likizo, nusu nyingine wanajaribu fulana, na mwamuzi mwenyewe anaangalia saa. Mrefu mpya katika mechi hizo ni kama mgeni siku ya kwanza nyumbani kwako. Anaosha vyombo, anakunja shuka, anacheka maneno ya mwenye nyumba hata yasipochekesha. Utamjua wiki ya tatu. Lakini orodha ya usajili haingoji wiki ya tatu. Mechi tatu, basi, unatakiwa useme huyu ndiyo, huyu hapana. Kwa hiyo Kocha anahitaji mtu wa kumwambia lipi aliamini na lipi alipuuze. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Mwanao alipokuja kwenye majaribio hakuja kwa mgongo wangu. Hilo lishike, usije ukaliacha hata utakapofika mwisho wa barua hii. Alipanga foleni na wenzake arobaini, akapita kwa jasho lake. Mimi nilichomfanyia ni kumvuta pembeni na kumwambia kwamba humu ndani asiniite mjomba, aniite mzee kama wote. Kocha wetu upendeleo anauogopa kama ugonjwa. Aliwahi kumwondoa mtunza vifaa mmoja kwa kosa la kumpenyeza binamu yake mazoezini. Na siku ya kwanza tu alisimama mbele ya wapya akawaambia kwamba kila mtu atasimama kwa miguu yake, hapa si kwa mjomba wa mtu. Mwanao akaangalia kamba za viatu. Mimi nikaangalia dari. Nilidhani ni kichekesho, nikakiweka nije kukusimulia siku moja tukiwa tumekaa kwenye chai.

Walibaki warefu wawili wanaogombea nafasi moja. Wa kwanza wachezaji walimwita Helikopta, na ukimwona akiruka hutauliza kwa nini. Wa pili ndiye wako. Siku ya pili ya mazoezi kijana mmoja mwenye mbio alimgonga kifuani, akaanguka chali, akauliza akiwa palepale chini ni nani aliyeacha kabati katikati ya njia. Jina likaganda. Wewe unayemshonea suruali na kujua vipimo vyake huwezi kuwalaumu. Yeye mwenyewe hakuchukia. Aliwaambia kwamba kabati angalau lina kazi, wao ni viti vya plastiki. Walicheka mpaka Kocha akapiga filimbi.

Mechi ya kwanza Helikopta alifunga pointi kumi na nane na kuzuia mitupo mitano. Kabati alifunga nne. Mechi ya pili Helikopta alidanki akaning'inia kwenye pete mpaka jukwaa zima likasimama, na mwenye kuuza maji akasahau chenji ya watu. Kabati alifunga sita, mbili kati ya hizo kwa bahati. Ukisoma karatasi ya matokeo, kesi imekwisha. Lakini mimi sikuwa nasoma karatasi. Helikopta anaruka kila kitu. Mtu akiinua tu mpira bila kuutupa, yeye tayari yuko juu. Ukimwashia feni atairuka. Wenye vitambi vya likizo hawajui kumdanganya. Wenye ligi wanajua.

Sasa mwanao. Mpira ukitupwa, ukiwa bado hewani, watu tisa wanautazama. Yeye peke yake anatafuta mtu wa kumkalia. Anampa mgongo, anashuka magoti, anamsogeza taratibu nje ya njia kama mtu anayehamisha friji asichubue ukuta, na mpira unamwangukia mwenzake, ambaye ndiye anayeandikiwa. Katika dakika alizokuwa uwanjani mechi ya pili, wapinzani walikosa mitupo kumi na tatu na mpira wa pili, ule unaodunda kutoka kwenye pete, waliupata mara mbili tu. Nilihesabu mwenyewe, karatasi rasmi haina safu ya mambo hayo. Tena anasema. Anawaambia wenzake nani yuko nyuma yao, kulia, kushoto, kwa sauti ileile aliyokuwa akikuitia taulo kutoka bafuni.

Kwenye mstari wake katika daftari niliandika neno moja: mzito. Usikasirike. Katika daftari langu mzito ni sifa. Senta wa wale wapinzani, yaani mrefu wao wa chini ya kikapu, mtu mwenye misimu minane ya ligi, alimsukuma kwa bega mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mara ya nne akaomba maji. Ndipo nikaandika mzito na kulipigia mstari. Lakini kwa Kocha neno hilo lina maana nyingine. Kwake, mzito ni yule ambaye wenzake wamesharudi kulinda na yeye bado yuko njiani. Mwaka jana aliwatoa wawili kwa neno hilohilo, nami nikiwa nimekaa pembeni yake. Kwa hiyo usije ukanitetea kwamba sikujua.

Mechi ya tatu ndipo nilipoingiwa na hofu. Robo ya nne mwanao katoka uwanjani amelowa chapachapa, nikampa chupa ya maji, akasema asante mjomba. Alisema bila kufikiri, kama alivyoanza kusema akiwa hana meno. Hakuna aliyeshtuka. Kwa vijana wa siku hizi kila mwenye mvi ni mjomba, hata mkata tiketi wanamwita hivyo. Lakini Kocha aligeuza shingo. Pengine alikuwa anatafuta kalamu yake. Mimi niliona akiitazama pua yangu, kisha akiitazama pua ya mwanao, na pua ya babu yetu unaijua, haifichiki hata ukivaa kofia.

Kesho yake asubuhi aliniita ofisini. Ofisi yenyewe ni chumba cha kuwekea mikeka, kina dirisha moja linalotazama ukuta. Alikuwa na orodha, kalamu nyekundu na mkate wa jana. Akasema anaegemea kwa Kabati. Dada, nakuandikia kama alivyosema: kwamba Helikopta anafurahisha macho, lakini yule mwingine akiwa uwanjani timu inatulia, yeye hajui ni kwa nini, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeona visivyoonekana, nimweleze. Alikuwa amenifungulia mlango na kuushika. Kilichobaki ni mimi kusema haya niliyokuandikia hapo juu. Akalivuta daftari, akashuka na kidole mpaka kwenye jina, akakuta lile neno na mstari wake. Akashangaa. Akauliza kama kweli ni mzito, maana yeye hakuliona hilo.

Ilikuwa inahitaji sentensi moja tu ya kueleza. Niliifikiria ile sentensi, nikaisikia itakavyosikika siku atakapojua, mjomba akimpamba mpwa wake. Nikakiona kiti changu mwisho wa benchi kikiwa na mtu mwingine. Nikasema ndiyo, Kocha, ni mzito. Akatazama lile neno kidogo, akatikisa kichwa, akapitisha kalamu. Mkate alikuwa hajaumaliza.

Wewe nilikwambia warefu walizidi idadi. Mwanao nilimwambia ajaribu msimu ujao. Alinishukuru kwa kumsemea, akanibebea mfuko wangu mpaka kituoni, na njiani akaniuliza arekebishe nini. Nikamwambia aongeze mbio.

Yangeishia hapo ningeweza kuishi nayo. Nilikuwa nimeshajishonea maneno: kwamba mwingine angempendelea ndugu yake na mimi nimekataa, kwamba kama nimekosa basi nimekosa kwa kuzidisha haki. Nilianza hata kutembea kama mtu mwadilifu, mikono nyuma. Ligi ilipoanza, Helikopta wa watu alitolewa kwa faulo tano katika dakika kumi na moja. Mechi iliyofuata, dakika tisa. Sasa anakaa karibu nami kwenye benchi, amejifunika taulo, ananiuliza anakosea wapi, maana kwenye mechi za kujipima alikuwa hakamatiki. Namwonea huruma. Hakumwibia mtu kitu. Alicheza anavyojua, mimi ndiye niliyemsoma sawasawa na kuandika vingine.

Lakini kabla ya ligi kuanza kuna jambo lilitokea humu chumba cha vifaa, na ndilo lililonikalisha juu ya kreti leo.

Ilikuwa wiki mbili baada ya usajili. Alikuja kocha wa ile timu tuliyocheza nayo mechi ya pili, mwanamke aliyecheza yeye mwenyewe miaka mingi, mpaka leo watu wanamwita Nahodha. Alinikuta natia mipira upepo. Akasema siku ile senta wake alirudi kwenye benchi analalamikia mbavu, na yeye akimwona senta wake analalamika huwa anataka kujua ni nani aliyemfundisha kulalamika. Amesikia tumemwacha yule kijana. Anamtaka. Ila hamjui, na kabla hajampigia simu amekuja kuniuliza mimi, kwa kuwa kila mtu anamwambia jicho langu halikosei.

Hapo, Dada, hapakuwa na Kocha. Hapakuwa na upendeleo wa kuogopa. Timu si yangu, na hata ningejitambulisha kuwa ni mjomba angecheka tu na kumchukua. Ningesema chukua, angechukua. Nami nilifikiri, kwa muda wa kujaza mpira mmoja, kwamba mtoto huyu akienda kule akacheza tutakutana naye kwenye ligi, Kocha atamwona anavyorudi kulinda, na atageuka kuniuliza mzito ni yupi. Nikamwambia Nahodha kwamba ni mzito. Akasema uzito haumsumbui, yeye wazito anawapenda. Ndipo nikaongeza goti. Nikashusha sauti, kama mtu anayetoa msaada, nikasema kijana ana goti, ndiyo sababu hasa tukamwacha, ila asimwambie mtu. Naye, kama watu wote wanaoambiwa wasimwambie mtu, akamwambia msaidizi wake. Likatembea uwanja hadi uwanja, mpaka likamfikia mwenyewe mwenye mguu.

Basi swali lako la pili jibu lake ni mimi. Goti lile nililitia mimi, kwa mdomo, nikiwa nimeshika pampu. Sijawahi kumwona mwanao akichechemea tangu alipoanguka kwenye ngazi za nyumba yenu ya zamani akiwa na miaka sita, na siku ile kilichoumia kilikuwa kiwiko.

Na kuna baya kuliko uongo wenyewe, naliandika upesi kabla sijalifuta. Jumapili uliponiambia ameacha kukimbia na analishika goti, kabla sijaona aibu nilihisi nafuu. Kwa kitambo kidogo sana nilifurahi kwamba niliyoyasema yanaelekea kuwa kweli. Nikajua ndivyo nilivyokuwa muda wote huu: nikila kwako, nikikuuliza habari za mwanao, huku moyoni namtakia ashindwe ili daftari langu lisikosee. Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Sijui mtu kama huyo anaitwaje, lakini nimekaa naye siku mbili sasa na simpendi.

Jana nilimwendea Kocha nikamwambia yote, kuanzia pua. Hakugomba. Aliniomba madaftari, ya misimu yote, akayapanga mezani, akauliza ni wangapi wengine. Nikasema hakuna mwingine. Akauliza tena, polepole. Nikasema hakuna mwingine niliyemfanyia hivyo nikijua. Lile neno la mwisho lilitoka lenyewe, na limeninyima raha kuliko yote, kwa sababu kuna vijana wengi mle ndani ya madaftari na kila mmoja ana mama yake. Kama nitabaki kazini au sitabaki, atanijulisha Ijumaa. Kuhusu mwanao, alisema nafasi yetu imejaa na hawezi kumdanganya. Ila anataka kumwomba radhi yeye binafsi, kwa kosa la kuona kitu kwa macho yake mwenyewe kisha akaenda kumuuliza mtu.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Nahodha. Yeye aligomba. Alisema mambo ambayo sitakuandikia, wewe utayasema vizuri zaidi. Wachezaji wake waliacha mazoezi wakasikiliza, na mmoja alinisogezea kiti. Nahodha alipomaliza, akafuta kioo cha saa yake kwa kidole, akasema Jumamosi saa nne asubuhi ana mechi ya kirafiki na timu ya chuo, kwa kuwa ligi imesimama wiki mbili. Kijana aje na viatu vyake. Atampa robo mbili, na atamtazama yeye mwenyewe, hataki kusikia neno la mtu. Hakuahidi zaidi ya hapo. Na mimi nisionekane kwenye jengo lile.

Sasa nikujibu lile la kwanza. Nakujibu kama ningeandika kuhusu mtoto wa mtu nisiyemjua. Mikono yake bado migumu kwenye pasi ya ghafla. Mitupo huru anaingiza nusu. Akikasirika husahau kupumua, na mpinzani mjanja atakuja kuligundua hilo. Upande wa kushoto anamkalia mtu vizuri kuliko wa kulia. Lakini katika warefu wapya wote niliowapima misimu hii mitatu, ni yeye pekee aliyenifanya nirudi nyumbani na kushindwa kukumbuka nani alishinda. Anaujua mpira, Dada. Hajidanganyi. Kama hilo linatosha kukiacha kiwanda, mimi sina tena haki ya kusema. Magodoro ni kazi ya kweli, watu wanalala juu yake. Jumatatu ni ya kwake na ninyi wazazi wake.

Ninachokuomba ni kimoja tu. Msomee barua hii kabla ya Jumamosi, yote, usiruke sehemu ili kunisitiri. Nakujua. Utataka umwambie tu kwamba goti ni zima na mjomba amemtafutia nafasi kwingine, halafu mimi na wewe tubaki na letu. Usifanye hivyo. Akienda bila kujua, ataingia uwanjani akililinda lile goti, na mchezaji anayelinda goti hamkalii mtu. Anasimama wima, anautazama mpira kama wale wengine. Nahodha ataona kijana mrefu wa kawaida, atamshukuru kwa kuja, na nitakuwa nimemtoa mara ya tatu. Lazima ajue kwamba goti ni lake na uongo ni wangu.

Najua pia kwamba huenda usitake kuniona kwa muda. Siwezi kukuomba ufupishe muda huo. Nitakuwepo humu mpaka Ijumaa, na baada ya Ijumaa nitakujulisha nilipo.

Nampa dereva wa lori la vifaa barua hii, anapita kwenu Alhamisi asubuhi. Ni mtu mkimya, mpe maji anywe. Nisalimie shemeji, na kama atataka kuja kunisema ana kwa ana, mwambie mlango ni wa nyuma, wa mbele umefungwa kwa ukarabati. Wasalimie mafundi wenzako, na yule mama wa vifungo umpe pole ya jino. Salamu za mwanao zitoe ukishamaliza kusoma, si kabla. Asipozipokea, usimbembeleze.

Ni mimi,
mdogo wako